Begi la Kijani na Kabati la Watoto

Kabati la watoto wangu lilikuwa na tabia ya kutapika. Ukifungua mlango wa kushoto, sweta la shule linakuangukia begani. Ukifungua wa kulia, zinashuka kwa pamoja kaptura, soksi moja, taulo bichi na nusu ya chapati ya juzi. Mimi si mtu wa subira. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, nikabandika picha milangoni, huku suruali huku magauni, nikaahidi soda, nikanyima soda. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la pili, alikuwa ananisikiliza kwa adabu kubwa, anakunja gauni moja taratibu muda wote niliosimama pale, kisha nikigeuka tu analisukuma ndani na kuubana mlango kwa mgongo. Mdogo wake wa kiume hakujisumbua hata kuigiza. Baba yao alisema tuwaache, wakikua wataacha. Ni rahisi kusema hivyo ikiwa nguo hizo hufui wewe.

Kilichoniuma ni kwamba kabati lile nililipenda kuliko inavyofaa mtu kupenda mbao. Tulikuwa tunakaa Bugolobi, kwenye fleti, na ndilo lilikuwa kabati la kwanza maishani mwangu. Nilikulia kambi za polisi, zaidi ile ya Naguru, katika yunipoti, zile nyumba za bati za duara, na nyumba ya duara haina ukuta wa kuegemezea kabati. Ukiliingiza, linaacha pengo nyuma yake, panya wanahamia humo, na lenyewe linabaki limesimama kati ya chumba kama mgeni ambaye hajaonyeshwa kiti. Kwa hiyo kwetu hapakuwa na kabati. Kila mtoto alikuwa na begi lake, na begi hilo lilikaguliwa.

Aliyekagua hakuwa baba, ingawa yeye ndiye aliyevaa sare. Alikuwa mama.

Mama alikuja kukaa kwangu mwaka ule baba alipofariki. Askari akishafariki, mjane wake hawezi kubaki kambini; kuna konstebo mwingine anaingoja nyumba, naye ana mke na watoto. Mama alianzia kwa kaka yangu, mtaa wa Makindye. Alikaa huko vizuri tu mpaka asubuhi moja wifi yangu alipomwambia kwamba sufuria ile haikwanguliwi kwa kijiko cha chuma. Mama alimaliza kuosha vyombo, akachukua begi lake, akaaga kila mtu kwa upole, akapanda bodaboda. Saa ya chai alikuwa mlangoni kwangu.

Begi lenyewe lilikuwa la baba. Alipewa kazini akiwa kijana: begi refu la turubai la kijani, linalofungwa mdomo kwa kamba, rangi imepauka kwa miaka ya kubebwa begani. Lilikuwa na kila kitu cha mama, na lilikuwa tayari saa zote. Hiyo ndiyo iliyokuwa silaha yake. Watu wengine wakiudhiwa hununa au hutukana, mama yangu hukaza kamba na kuondoka.

Nami nilitaka abaki. Sizungumzii wiki wala mwezi. Nilitaka abaki moja kwa moja, azeekee kwangu, niwe namsikia asubuhi akikohoa na kubishana na redio. Nilikuwa nimemzika baba nikiwa bado na mambo mengi ya kumuuliza, na sikutaka kurudia kosa hilo kwa mama. Basi nikampa upande mzima wa kabati la watoto, kwa kuwa alikuwa analala chumbani kwao, na nikamnunulia hanga mpya za mbao. Alizipokea kwa mikono miwili, akazigeuzageuza.

"Asante sana, mutoto yangu. Iko muzuri."

Kisha akalisukuma begi chini ya kitanda kwa mguu. Hanga zikabaki zinaning'inia tupu. Kila asubuhi alilivuta begi, akatoa gauni la siku hiyo, akalirudisha na kulifunga fundo, na mimi nikiwa jikoni nilisikia kamba inavyokazwa.

Hakukaa siku nyingi kabla kabati halijamwangukia na yeye. Sweta lilitua kichwani kwake. Alilivua, akalishika kwa vidole viwili, akawaita wajukuu.

"Hii nini?"

"Nguo, Jaja," akasema binti yangu; ndivyo walivyomwita bibi yao.

"Hapana. Hii takataka. Nguo inajua nyumba yake."

Akaamuru kila kitu kimwagwe kitandani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikajikuta nimenyoosha mgongo. Nilikuwa najua kinachofuata.

Mama hakunji nguo moja moja. Anapanga watu. Unatandaza shati, juu yake unaweka kaptura, juu ya kaptura chupi, na soksi ndani ya chupi. Unarudisha mikono ya shati ndani, kisha unaviringisha vyote kwa pamoja, unabana, na kile kifurushi kinachotoka kinaitwa mtu. Ukimfungua mtu wako asubuhi, unavaa kuanzia chini mpaka juu bila kutafuta kitu. Kule kambini nilikuwa na mtu wa shule, mtu wa nyumbani, na kwa kuwa baba alikuwa Mwislamu na mama Mkristo, nilikuwa na mtu wa Idd na mtu wa Krismasi. Miaka mingi hao wawili walikuwa gauni lile lile.

Watu wanaingia kwenye begi kwa utaratibu. Wazito chini. Ndala pembeni, zikitazamana. Kikombe cha bati na kijiko ndani ya soksi ya zamani, ili visigongane. Sweta juu kabisa, kwa sababu nyuma ya lori ni baridi, na baridi haikungojei umalize kupekua. Watoto wangu walishangaa kuhusu lori lakini hawakuuliza. Walikuwa wameshaupenda mchezo. Mama aliomba mabegi mawili ya zamani ya shule, na jioni hiyo kila mtoto alikuwa na begi lake limesimama ndani ya kabati, limeshiba, kamba imefungwa.

"Na hizi?" binti yangu akauliza, akionyesha rundo lililobaki.

"Ile haiingii, peana kwa jirani."

Nilitabasamu pale mlangoni. Ile ndiyo iliyokuwa sheria yetu. Uhamisho wa askari hauji kwa miadi. Lori lilikuwa linaingia kambini, dereva hazimi injini, na baba anasema jina la mji ambao hatujawahi kuusikia. Kila mtoto alibeba begi lake. Ambacho hakikuingia kilibaki kwa majirani: kigoda, kuku anayeatamia, beseni lililotoboka. Hatukulia sana, kwa sababu sisi wenyewe tulirithi kwa njia hiyo hiyo. Mwanasesere wangu wa kwanza nilimpata siku familia ya yunipoti ya pili ilipohamishwa Moroto.

Lakini mama alianza kufunga mafundo kabla ya malori. Vita vilivyoisha mwaka wa themanini na sita vilimkuta ana kaka yangu anayetembea na mimi niliye mchanga. Nyumbani palikuwa na vifurushi viwili vya shuka: kimoja cha nguo zangu, kingine cha mapazia aliyokuwa ameyafua tayari kuyatundika. Risasi zilipoanza alfajiri, alinyakua kimoja akakimbia. Alipofika mbali, akasimama ili anibadilishe, akafungua fundo na kukuta mapazia. Kwa muda wote wa ukimbizi ule nilivalishwa pazia lenye maua ya rangi ya machungwa, nikalalia pazia, nikabebwa mgongoni kwa pazia. Kwenye sherehe za ukoo kisa hiki husimuliwa ili watu wacheke. "Huyu mimi nilibeba kama dirisha," mama husema, akininyooshea kidole, na wote huangua kicheko. Yeye hucheka pia, lakini huwa wa kwanza kunyamaza.

Kwa hiyo sikuona ubaya. Niseme ukweli, nilifurahi kupita kiasi. Kabati liliacha kutapika. Asubuhi mtoto anavuta mtu, anavaa, tumemaliza. Nilikuwa nawaita wageni chumbani kuja kuona, nafungua mlango taratibu kwa maringo, wanaona mabegi mawili yamesimama wima na mbao tupu zinang'aa pande zote. Mgeni mmoja aliniuliza kama watoto wanasafiri. Nikamwona mshamba.

Jumamosi moja mchana, jirani yetu wa mlango unaotazamana na wetu aligonga. Ni mama wa Kikenya, mfanyabiashara wa viatu vya watoto. Kila baada ya muda hupanda basi kwenda Nairobi kufuata mzigo, na akiwepo nyumbani huimba nyimbo za kanisa akipika, kwa sauti ambayo ukuta hauizuii. Siku hiyo hakuwa anaimba. Alikuwa ameshika baiskeli ya binti yangu.

"Jirani, yaani mnahama na hata hamtuambii?"

"Nani anahama?"

"Si msichana wako ameletea wangu baiskeli. Na wale wanasesere wote, na rangi za kuchora. Amesema haziingii."

Nikacheka. Jirani naye akacheka, lakini akawa ananiangalia vizuri kuona kama namficha jambo. Nikamwita binti yangu. Alitoka chumbani amevaa sweta, jua lote lile, na viatu vya shule vimefungwa kamba.

"Nani amekwambia tunahama?"

"Hakuna mtu."

"Sasa mbona umegawa vitu vyako?"

Alinitazama akishangaa kwamba mama yake anaweza kuwa mzito wa kuelewa kiasi hicho. "Mabegi yako tayari," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo, kwa kuwa jirani alikuwepo: "Mama, lori inakuja lini?"

Sikuweza kucheka tena. Alikuwa ameshaaga. Rafiki yake wa dawati moja alikuwa amempa raba yake ya kufutia na kumwambia kwaheri tangu Jumatano. Alikuwa amemwomba mdogo wake naye atoe mpira, mdogo akakataa akalia, na dada mtu akambembeleza kwamba huko tuendako patakuwa na mipira mingine. Mtoto wa darasa la pili! Siku zote hizo alikuwa anaenda shule, anakula, anapiga mswaki, huku anasikiliza injini barabarani.

Jirani aliegesha baiskeli ukutani, akarudi kwake.

Nilibaki nimesimama kwenye korido na shida ambayo haikuwa na pande nyingi. Nikinyamaza, binti yangu ataendelea kukaa kitandani amevaa viatu. Nikisema, mama atakaza kamba. Sufuria moja tu ilimtoa Makindye, na hapa si suala la sufuria. Namwambia kwamba jambo alilolijua kuliko yote, lililotuvusha hai, sitaki watoto wangu walijue. Nilihisi hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Mwishowe nikaenda jikoni.

Mama alikuwa anachambua karanga kwenye ungo. Nikavuta kigoda, nikakaa, nikaanza kuchambua naye. Njiani nilikuwa nimepanga maneno laini. Yalipotoka hayakuwa laini.

"Mama, unafundisha wanangu kukimbia."

Vidole vyake viliendelea kufanya kazi. "Mimi nafundisha wao kupanga."

"Hakuna lori, Mama. Hapa hakuna mtu wa kutuhamisha."

"Hata ile siku, hakuna mutu alikuja kusema vita nakuja."

Nikatupa karanga iliyooza. "Najua," nikasema. "Lakini huyu mtoto amegawa baiskeli yake."

Vidole vikasimama. "Amepa nani?"

"Jirani. Baiskeli, wanasesere, rangi. Amepeana kila kitu ambacho hakikuingia. Ameaga mpaka rafiki yake wa shule. Na sasa hivi amekaa kitandani na viatu, anangoja."

Mama alinitazama. Nilimwona akijaribu kuliona, mtoto na viatu, na nikaona alipoliona.

"Bambi," akasema, kama anayesema maskini mtoto.

Aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwa kanga, akainuka kwa kushika meza. Akaenda chumbani. Nikasikia begi linavutwa kutoka chini ya kitanda, sakafu ikalalamika kidogo, halafu fundo likawa linashughulikiwa. Nilibaki na karanga mkononi. Nilijiambia niinuke nikamwombe radhi, nikajiambia pia kwamba sitaomba radhi kwa ajili ya kumtetea mtoto, na nikiwa katikati ya ubishi huo mama akapita mlangoni mwa jikoni, begi la kijani begani, akitazama mbele. Binti yangu alikuwa nyuma yake.

"Jaja, unaenda?"

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Machozi yalinijaa, nasema wazi, na nilikuwa nimekasirika vile vile. Nikawaza, nenda basi, nenda kama ulivyotoka kwa kaka, utatuaga sote mmoja mmoja mpaka uishiwe watoto. Kisha nikainuka mbio.

Hakuwa ameenda mbali. Alikuwa amesimama mlangoni kwa jirani, kiatu kimoja ndani, kingine kwenye korido.

"Shosho, karibu ndani," jirani alikuwa anamwambia, akimwita bibi kwa lugha ya kwao.

"Wewe naenda Nairobi lini?"

"Jumatatu, Mungu akipenda."

Mama akashusha begi. Lilianguka sakafuni likajikunja, na ndipo nilipoona kwamba halikuwa na kitu. "Chukua hii. Iko na nguvu. Mvua haiingii."

Jirani aligusa turubai, akaona kazi iliyofanywa, mshono uliorudiwa, macho ya chuma ya kupitishia kamba mdomoni. Yeye ni mtu wa mizigo, alijua anapewa nini. "Shosho, hii ni ya mzee. Mimi siwezi kuchukua hii."

"Chukua," mama akasema. "Kwa kabati ya watoto haiingii."

Aligeuka, akanipita bila kunitazama, akarudi chumbani. Nilimfuata, kwa kuwa sikujua la kufanya na miguu yangu.

Nguo zake zote zilikuwa kitandani, zimeviringishwa. Sikuwahi kuziona zote kwa pamoja. Zilikuwa chache. Binti yangu alikuwa ameshapanda kati yao na viatu vyake, na mama alikuwa amechukua hanga moja ya mbao anaipitisha kwenye mkono wa gauni, kama mtu anayejaribu kuingiza mwiko kwenye chupa. Mwanamke aliyeweza kupanga familia nzima ndani ya mabegi gizani hakujua hanga inaingia wapi.

"Si hivyo, Jaja. Inaingia kwa shingo."

"Hapa?"

"Huko ni mgongo. Leta."

Binti yangu alimwonyesha. Hanga ndani, mabega mawili, funga kifungo cha juu lisiteleze. Mama akajaribu la pili, likaanguka. La tatu likakaa upande. Alikuwa mwanafunzi mbaya, na mwalimu wake alikuwa mkali.

"Jaja, na lori ikikuja?" mtoto akauliza katikati ya kazi, bila kumtazama.

Mama alikuwa anafunga kifungo. Alikifunga kwanza. "Ikikuja, wewe ambia dreva sisi nakaa hapa."

Mtoto akafikiri. Kisha akainama, akafungua kamba za viatu, akavisukuma chini ya kitanda, pale begi lilipokuwa.

Waliendelea mpaka kitandani pakabaki kifurushi kimoja, kidogo, kimebanwa sana, cha chini kabisa begini. Mama alikikunjua polepole. Kilikuwa kitambaa kilichochakaa, kimepauka karibu kuwa cheupe, na kwenye pindo, mahali ambapo jua halikufika, palikuwa na maua ya rangi ya machungwa. Nilikuwa nimeamini maisha yangu yote kwamba lile pazia lilishageuka matambara ya kufutia taa. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Mama akakishika kwa pembe mbili, akatafuta mabega, akatafuta shingo, akachukua hanga, akakwama.

"Hii naingia wapi?"

Binti yangu alikigusa, akakigeuza huku na huku.

"Hii si nguo, Jaja," akasema. "Hii ni ya dirisha."

Tulilitundika jioni hiyo hiyo. Ni fupi, halifiki chini ya dirisha, na jua la asubuhi hupenya huko na kuwaamsha watoto mapema kuliko ninavyotaka. Mabegi ya watoto nayo yalifunguliwa, na kabati limeanza tena kutapika. Juzi nilipolifungua lilinirushia soksi, kaptura na gauni la mama la Jumapili, vyote vimeshikana. Niliviokota, nikavirudisha ndani kwa pamoja, nikaubana mlango kwa mgongo.